Mgema Akifukuzwa, Tembo Hulitia Nini?

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeko masomoni Marekani, aliniletea ujumbe wa kuchekesha kidogo. Baada ya shikamoo na habari za baridi, alinieleza kwamba yeye na wenzake wa nyumba moja walijaribu kupika bia ya maboga, nao wakaiharibu lita 20 nzima. Walitia vijiko vitatu vya unga wa karafuu, na bia ikatoka ikinuka kliniki ya meno. Akamaliza kwa swali nililolidhani la mzaha: "Mwalimu, huko kwetu bibi zetu walipimaje bila kijiko wala mizani?"

Nimekaa na swali hilo kwa wiki kadhaa, na leo nataka kulijibu hadharani. Naona linagusa jambo zito kuliko bia ya vijana wale. Linagusa namna dola yetu inavyomtendea mtu anayejua kupima, hali yenyewe haipimi.

Nianze na boga. Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika ya Kaskazini walitia maboga katika bia kwa sababu ya uhaba: kimea cha shayiri kilikuwa adimu na maboga yalijaa mashambani. Ilikuwa bia ya watu wasio na uwezo. Shayiri ilipokuwa rahisi kupatikana, boga likasahauliwa, hadi liliporudi katika miaka ya 1980 likiwa kitu cha anasa, kinachouzwa majira ya majani kupukutika. Walio na uzoefu wanajua kwamba boga lenyewe huacha ladha ndogo sana, kwa kuwa sukari yake huliwa na chachu. Kinachobaki mdomoni ni mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu, na hapo kipimo ndicho kila kitu. Mapishi mengi ya huko huanzia kijiko kimoja cha chai cha mdalasini kwa lita 20, nusu yake ya kungumanga, na robo tu ya karafuu. Mafuta ya karafuu ndiyo yale yale wanayotumia madaktari wa meno kutuliza maumivu. Yakizidi kidogo, hakuna ladha nyingine itakayosikika. Kungumanga nayo ikizidi sana ni sumu. Mpikaji mwangalifu hulowesha viungo katika pombe kali kidogo, huonja tone kwa tone katika bilauri moja, kisha hukizidisha kipimo hicho kwa pipa zima. Kosa la kijana wangu lilikuwa kutia katika pipa kabla ya kuonja katika bilauri.

Hata hivyo, kosa lake lilimgharimu lita 20 tu. Hakuna aliyegonga mlango wake usiku. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyomruhusu mtu mzima kupika bia nyumbani kwa matumizi yake, hadi galoni 100 kwa mwaka, yaani karibu lita 380, bila kulipa kodi. Uingereza ilikuwa imeondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Sheria hizo hazimruhusu mtu kuuza, na hapo hali yao inatofautiana na yetu, maana mama zetu hupika ili wauze. Lakini zina jambo moja la kujifunza: zinamchukulia mpikaji kuwa mtu mwenye akili, anayeweza kukosea leo na kurekebisha kesho.

Swali la kijana nililipeleka Buswahili, wilayani Butiama, kwa mama mmoja ninayemfahamu tangu utotoni. Alipika pombe ya ulezi na mtama kwa zaidi ya miaka 30, na kwa pombe hiyo alisomesha watoto wanne. Jina lake silitaji, kwa sababu ambazo msomaji ataziona mwenyewe. Habari za bia ya maboga zilimchekesha kwanza. "Boga ni la kula, mwanangu. Majani yake ni mboga, mbegu zake unakaanga. Mkishalifanya pombe, watoto watakula nini?"

Kisha akanieleza vipimo vyake. Ulezi wa kimea huloweshwa usiku mmoja, hufunikwa gunia, na huachwa uote. Chipukizi likiwa fupi, kimea hakina nguvu. Likirefuka mno, utamu umekwisha kuliwa na mmea wenyewe. Kisha huanikwa juani na kusagwa. Unga wa mtama hupikwa uji, na uji huachwa upoe kabla ya kutia kimea. Upoe kiasi gani? Akanyanyua kidole cha shahada. Kidole kikae ndani ya uji bila kukimbia, huku yeye akihesabu polepole hadi kumi. Nilipomuuliza ikiwa haraka itamfanya atie kabla ya hapo, alijibu kwamba uji wa moto huua kimea, na pombe haitaamka.

Mtaalamu wa kiwanda cha bia angesema jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, huharibika joto likipita sana nyuzi 70, na chachu hufa mapema zaidi, joto likikaribia nyuzi 50. Kidole cha mama yule ni kipimajoto kisichohitaji betri. Siku zinazofuata aliisikiliza pombe kwa sikio, akitega mchemko wake wa ndani. Aliitazama povu lake. Aliionja asubuhi na jioni. Wachaga wana hesabu kama hiyo katika mbege, ambamo gome chungu la msesewe likizidi huiharibu pombe, na likipungua huiacha haina uti wa mgongo. Wapikaji hawa hawana cheti, lakini wana elimu, na elimu hiyo ina masharti: inahitaji muda, mwanga, nafaka safi na utulivu wa moyo.

Nikamuuliza kwa nini aliacha. Hakutaja uzee. Alisimulia kuhusu mji mdogo, ambao nami sitautaja, alikokuwa akiuza zamani. Msako ulikuja mara ya kwanza, vyungu vikavunjwa na pombe ikamwagwa. Mara ya pili alitoa fedha asizopewa risiti. Mara ya tatu aliacha. Jirani yake hakuacha. Alibadili biashara, akaanza kuuza gongo. "Chungu cha pombe hakifichiki, mwanangu. Kinanuka, kinatoa povu, kinakaa siku tatu, nne. Dumu la gongo unalisukuma chini ya kitanda."

Naomba wanafunzi wangu, na hasa watumishi wa umma wanaonisoma, warudie maneno hayo ya mwisho, kwani ndani yake mna nadharia nzima ya uchumi. Pombe iliyochachushwa tu ni nyepesi, ina ujazo mkubwa, huharibika ndani ya siku chache, na hupikwa mahali panapoonekana. Pombe iliyokenekwa ni kali, ina ujazo mdogo, haiozi, na huchukulika. Ukiwasaka wote wawili kwa ukali ule ule, anayepika pombe nyepesi ndiye utakayemkamata kwanza, na ndiye atakayekata tamaa kwanza. Anayebaki sokoni ni mwenye dumu. Wamarekani walijifunza hivyo kati ya 1920 na 1933, walipopiga marufuku vileo nchi nzima: bia ilipungua, pombe kali ikashika nafasi yake, na watu wengi walikufa kwa kunywa spiriti ya viwandani iliyotiwa sumu makusudi ili isinywewe. Sisi tunaurudia mtihani huo bila kusoma majibu yaliyokwisha kusahihishwa.

Waswahili husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo inatuonya juu ya sifa. Lakini mgema wetu wa leo hajapata kusifiwa. Amefukuzwa. Je, mgema akifukuzwa, tembo hulitia nini? Hulitia chochote kitakacholiharakisha na kulikoleza, maana hana tena siku nne za kungoja. Na pale mfanyabiashara asiyejua kupika anapoingia, hulitia methanoli, ambayo ni kemikali ya viwandani inayofanana na pombe kwa sura na harufu. Takriban mililita 10 za methanoli tupu zaweza kumpofusha mtu, na 30 zaweza kumuua. Chungu cha ulezi na mtama kikichachushwa vizuri hakitoi kiasi kama hicho. Vifo vya halaiki tunavyovisikia katika ukanda wetu hutokana zaidi na kuchanganya, na kuchanganya ni kazi ya gizani.

Mifano ipo jirani. Nchini Kenya, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe yenye methanoli, na makumi wengine wakafa katika kaunti kadhaa Mei 2014. Nchini Uganda, makumi walikufa Kabale mwaka 2010. Tukio la Kenya la 2014 lina funzo la pekee, kwa sababu lilikuja miaka minne baada ya sheria ya 2010 kuondoa marufuku ya chang'aa. Wapo wanaosema basi uhalali haukusaidia. Nawajibu kwamba tazameni masharti: chupa za kioo, lebo, maonyo, leseni. Kwa kiwanda masharti hayo ni ya kawaida. Kwa mama wa kijijini ni ukuta. Uganda nayo ilitunga sheria mwaka 1965 iliyowataka watengenezaji wa enguli kuwa na leseni na kukiuzia kiwanda, na kutokana na mpango huo tukapata Uganda Waragi inayojulikana hadi leo. Kiwanda kilistawi. Kijijini mitambo mingi iliendelea kuchemka bila leseni. Kumhalalisha mtu kwa karatasi asiyoweza kuilipia ni kumharamisha kwa adabu zaidi.

Na sheria zetu je? Tunayo Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayodai leseni kwa wauzaji wa pombe, ikiwemo ya kienyeji. Tunayo pia sheria ya mwaka 1966 inayohusu moshi, jina ambalo sheria inaipa gongo, na inayomfanya mtengenezaji asiye na leseni kuwa mkosaji. Mizizi yake ni ya kale zaidi. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919, uliotiwa saini na mataifa yaliyotawala Afrika, ulikataza ukenekaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Huko Durban, kuanzia 1909, manispaa ilijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika bia yao wenyewe na kutumia faida kuendesha utawala juu yao, na mfano huo ukaigwa kwingineko. Mkoloni alikuwa na maswali mawili kuhusu pombe yetu: je, itamfanya kibarua achelewe kazini, na je, italeta mapato kiasi gani? Swali la tatu, la afya ya mnywaji, halikumkosesha usingizi. Nasikitika kuona kwamba nusu karne na zaidi baada ya Uhuru bado tunauliza yale mawili. Tunaipima ada ya kilabu. Pombe iliyomo kilabuni hatuipimi.

Nitatendewa haki nikikiri kwamba tuliwahi kupima vizuri. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyokuwa vikiingia hata katika mifuko ya sare za shule. Wapo waliolalamika, nami sikuwa miongoni mwao. Hatua ile haikupiga marufuku pombe yote kwa jumla; ilitambua kwamba madhara yalikuwa katika ukubwa wa kifungashio, bei yake na urahisi wa kukificha, ikakata hapo hapo. Huko ndiko kupima.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana ni upande wenye hoja. Msomaji wa Mara ataniambia: mwalimu, unaitetea pombe katika mkoa ambao wanawake hupigwa na walevi, na ambao mzee akiuza ng'ombe fedha huishia kilabuni. Azimio la Arusha la 1967, lililoandikwa chini ya uongozi wa mtoto wa Butiama yenyewe, liliutaja ulevi miongoni mwa mambo yanayopoteza nguvu kazi ya taifa. Sina jibu la kuifuta hoja hiyo, wala sitaki kuifuta. Pombe ya ulezi nayo hulevya. Mama wa Buswahili mwenyewe aliniambia kwamba wako waume aliokataa kuwauzia, na wengine aliwauzia huku akijua watoto wao hawajala, na kwamba hao wa pili bado anawakumbuka. Mapendekezo yangu hayatamaliza ulevi. Yanaweza kupunguza upofu, vifo na rushwa, na kuirudisha pombe mahali inapoonekana, ambako mke, jirani na afisa wanaweza kusema "sasa basi". Gongo iliyo chini ya kitanda haiambiwi "sasa basi" na mtu.

Napendekeza mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wa halmashauri zetu za Musoma, Bunda na Butiama bila kungoja msaada wa kutoka nje.

La kwanza, misako itenganishe pombe iliyochachushwa na ile iliyokenekwa, na zote mbili zitenganishwe na ile iliyochanganywa kemikali. Anayechanganya methanoli ni muuaji, na ashughulikiwe hivyo. Anayepika ulezi bila leseni ana kosa la karatasi, na asaidiwe kuipata karatasi. Ukiwaita wote "wauza pombe haramu", umemfichia muuaji kichaka.

La pili, afisa afya wa kata aende kilabuni na vifaa, asiende na daftari la faini peke yake. Kipimajoto, kipimo cha nguvu ya pombe, na ndoo safi yenye mfuniko ni vitu vya gharama ndogo ukilinganisha na dizeli ya gari la msako. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na njia ya wajasiriamali wadogo kupitia SIDO hadi kwenye alama ya ubora inafahamika kwa watengeneza mvinyo wa rozela na siagi ya karanga. Mpika pombe ya mtama naye aoneshwe mlango huo.

La tatu, tuitazame nafaka. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo familia haitayala, mara nyingi hutengwa kwa maneno mepesi kwamba "haya ni ya pombe". Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa njia ya chakula cha kawaida. Kampeni zetu za sumukuvu huzungumza na wakulima na wasaga unga. Zizungumze pia na wapika pombe, ambao kwa miaka mingi tumewaachia mahindi mabovu ya kijiji kizima.

La nne, vikundi vya wanawake wapika pombe visifichwe nyuma ya majina mengine vinapoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kila afisa maendeleo ya jamii anakijua kikundi kinachoitwa cha ufugaji wa kuku hali kuku wake ni watatu na vyungu ni kumi. Unafiki huo unatunyima takwimu, unatunyima kodi halali, na unamnyima mama heshima ya kuitaja kazi yake. Saa za kufungua, umri wa miaka 18 na umbali kutoka shuleni vibaki vikali kama vilivyo, au vikali zaidi.

Namaliza na jibu nililomwandikia kijana wa Marekani. Kabla sijaondoka Buswahili nilimuuliza mama, kwa niaba yake, kipimo cha mwisho ni kipi, baada ya kidole, sikio na povu. Alisema kwamba siku ya kuuza, kabla mteja yeyote hajaketi, yeye alichota kibuyu cha kwanza akanywa mbele yao. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka waone kwamba alichowapikia anaweza kukinywa.

Nimemwambia kijana apunguze karafuu hadi robo kijiko, na aonje katika bilauri kabla ya pipa. Kwa ndugu zangu wenye mamlaka nina ombi moja: siku mnapomwaga pombe ya mtu, muulizeni kwanza kama yeye mwenyewe huinywa. Anayeinywa, mwacheni akae, mfundisheni, mwandikisheni. Asiyethubutu kuinywa ndiye mliyekuwa mkimtafuta.